Kijiwingu Mdomoni mwa Samaki

Mama mwenzangu uliye na binti mkubwa nyumbani, haya nnakuandikia wewe. Yaliyompata Bi Mahfudha wa Sib yangeweza kunipata mie, na yanaweza kukupata wewe kesho, kwa sababu hayakuanza kwa ubaya. Yalianza kwa neno moja ambalo sisi mama tunalisema kila siku tukidhani ni sifa.

Bi Mahfudha alizaliwa Tabora. Aliletwa Omani na wazee wake akiwa msichana, akaacha skuli darasa la sita, akaolewa na Bwana Sleiman, akazaa, akaoza wanawe. Nyumbani alibaki binti mmoja, Kawthar, mwalimu wa sayansi katika skuli ya wasichana. Ni mtu mzima, ana gari yake na ana maneno yake. Mchana anasomesha, na jioni za Alkhamisi, mwezi ukiwa haupo, hupakia darubini kwenye gari akenda Yiti, pwani, na wenzake wanaopenda kuangalia nyota. Huko Yiti, ukishapita milima, taa za mji hazifiki. Ni kundi la watu wa heshima, wapo wanawake, wapo wanaume na wake zao na chupa zao za chai. Bwana Sleiman alikwenda nao mara mbili, akarudi shingo inamuuma na uso umechangamka.

Lakini Bi Mahfudha ni mtu wa khofu. Binti akichelewa kupokea simu, yeye huiona gari imelala bondeni, magurudumu juu. Na khofu ya barabara kwake ilikuwa ndogo ukilinganisha na khofu ya midomo ya watu. Mtoto wa kike, gizani, pwani. Watasemaje? Kawthar alimwalika mara nyingi aje ajionee mwenyewe. Kila mara alikuwa na kitu jikoni.

Sasa, kulikuwa na azza pale Sib, jirani kafiliwa na mamake. Siku ya tatu, kama tunavyojua, machozi yamekauka, kahawa inazunguka, na wanawake wameanza kuulizana watoto. Ubavuni mwa Bi Mahfudha alikaa Bi Wadha wa Azaiba, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye wazee wake walikuwa wafanyabiashara Mwanza, na Kiswahili chake bado kitamu. Ana mtoto wa kiume, Mutasim, mhandisi wa majengo, hajaoa. Bi Mahfudha alikwisha kusikia habari zake kabla hajakaa. Nafikiri ndiyo maana alikaa pale.

"Nyumbani umebaki na nani?" Bi Wadha akauliza.

"Binti mmoja, wa mwisho."

"Anafanya kazi?"

"Anasomesha."

"Na akitoka kazini?"

Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Bi Mahfudha alilisikia kama yuko mbele ya kadhi.

"Hatoki," akajibu. "Skuli na nyumbani, nyumbani na skuli. Hata dukani hendi mpaka nimsukume."

Nani kati yetu hajalisema hili? Binti yangu hatoki. Tunalisema kwenye azza, tunalisema harusini, tunalisema hata binti mwenyewe akiwa barabarani muda huo huo. Bi Wadha alisema mashallah, wakapeana namba za simu, wakaahidiana kuwa yeye na dadake watakuja Sib kumwona binti.

Usiku ule Bi Mahfudha alimhadithia mumewe. Bwana Sleiman aliweka rimoti chini.

"Hatoki? Na zile tairi nilizombadilishia juzi, zimeliwa na zulia?"

"Wewe hujui mambo ya posa."

"Kweli. Najua ya tairi tu."

Kawthar alipoambiwa habari ya Mutasim hakukataa. Alisema atamwona, watazungumza, akimpenda sawa. Lile la kutotoka hakuambiwa.

Wiki moja haijesha, Bi Wadha akapiga simu. Skuli ya mjukuu wake, Rawya, inawapeleka watoto na mama zao kuangalia nyota jioni ya Alkhamisi. "Mamake yuko zamu, nnampeleka mie. Na sipendi kukaa peke yangu na vijana. Twende sote, mkeka mmoja, chai moja. Tuzoeane kabla ya mengine."

Bi Mahfudha akakubali upesi, maana mwaliko wa mama wa bwana harusi haukataliwi. Baada ya kukubali ndipo alipouliza ni wapi.

"Yiti," akasema Bi Wadha. "Kuna ustadha mmoja wanamsifu sana, atawaonesha watoto."

Bi Mahfudha aliikata simu, akakaa. Ustadha huyo alikuwa chumba cha pili, akijisomea hotuba yake.

Siku ya pili yake alasiri alikuwa akikunja madonge ya chapati, Kawthar akaingia jikoni na karatasi mkononi. Kwa siku nyingi nyumba ile haikuwa na mazungumzo mengine ila hotuba hiyo.

"Nisikilize mama, uniambie kama mtoto wa miaka kumi atafahamu. Kijiwingu hiki nitakachowaonesha, watu wanadhani aliyekiona kwanza ni Mzungu mwenye darubini. Sivyo. Zaidi ya miaka elfu iliyopita kulikuwa na bwana mmoja, Abdurrahman As-Sufi, akifanya kazi yake huko Isfahan. Aliandika kwamba katika zile nyota ambazo Waarabu walizichora kama samaki mkubwa, pale mdomoni pana kijiwingu. Kwa macho matupu, mama. Wala hakujitia kwamba kakivumbua yeye. Aliwataja Waarabu kwa samaki wao, akasema na hili doa lao lipo, nimelitazama."

"Ehe," akasema Bi Mahfudha. Alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Kwa karne na karne kikabaki kijiwingu. Zikaja darubini, bado ukungu tu. Mpaka kule Ayalandi mtu mmoja akajenga darubini kubwa kupita zote za zama zake, akatazama kiwingu kingine cha aina hiyo, akakuta kimejizungusha. Hivi." Kawthar akanyanyua donge moja, lile la kukunjwa kama konokono kabla hujalisukuma. "Kama hili. Baadaye zikaja picha, na hiki cha samaki nacho kikaonekana kimejikunja vile vile. Na miaka mia hivi iliyopita wakapima umbali wake, wakakuta si wingu na wala si la kwetu. Ni nyota zisizohesabika, galaksi nzima, ipo peke yake huko. Mwanga wake unaoingia jichoni mwako leo umekuwa njiani miaka milioni mbili na nusu."

"Mwanangu, na mie nakuja Yiti."

Kawthar akaweka karatasi juu ya unga. Alifurahi, na furaha yake ilimfanya Bi Mahfudha ashindwe kumtazama.

"Wallah? Nitakuwekea kiti."

"Usiniwekee kiti. Nakuja na Bi Wadha."

"Ahlan wa sahlan. Viti viwili."

"Bi Wadha nimemwambia hutoki."

"Sitoki wapi?"

"Hutoki. Kwamba wewe ni mtu wa nyumbani."

"Basi mpigie, mwambie ulisahau. Mwambie natoka."

"Ataniona muongo, na posa imeondoka."

"Kwa hivyo nisende? Mama, skuli imenialika mimi. Watoto wale wamechora picha za samaki wiki nzima."

"Sikukatazi. Nenda kafanye kazi yako." Hapa Bi Mahfudha alishusha sauti, kana kwamba Bi Wadha yuko sebuleni. "Ila kutakuwa na giza. Ukinikuta pale, usinijue."

"Nisikujue vipi?"

"Kama unavyomfanya mama wa mtu yeyote. Karibu khalti, kwa heri khalti. Bi Wadha hajakuona sura, na gizani hataiona. Akija hapa kwetu atamkuta Kawthar wa nyumbani."

"Na yule wa Yiti?"

"Yule ni ustadha tu. Nani atauliza?"

Kawthar alilirudisha lile donge kwenye sinia, akalipanga na wenzake. Akasema, "Haya, mama." Hakupaza sauti, hakulia, hakununa. Mtoto akikubali upesi namna hiyo, mama mwenzangu, ogopa.

Alkhamisi baada ya Magharibi Bi Wadha alimpitia Bi Mahfudha na gari yake, Rawya nyuma na samaki wake wa karatasi. Walipofika Yiti walikuta taa za magari zimezimwa zote. Wenyeji walikuwa na tochi ndogo zilizofunikwa plastiki nyekundu, wakiwaongoza watu kwa miguu mpaka kwenye mikeka. Katika wekundu ule huoni uso wa mtu, unaona viatu vyake. Bi Mahfudha akamshukuru Mungu.

Kawthar alizungumza kwa Kiarabu, kwa sauti ile yake nzito kidogo ambayo mamake alikuwa akimwambia tangu mdogo ailegeze. Aliwaambia habari ya As-Sufi. Aliwaambia kwamba wengine kabla yake walinakili tu ya wakale, na yeye alitoka nje akatazama nyota moja baada ya moja, na alichokiona ndicho alichoandika. Alipoona kijiwingu aliandika kijiwingu, hakukipamba wala hakukificha. Watoto waliuliza maswali mpaka mwalimu wao akawanyamazisha. Bi Mahfudha alikuwa amelala chali na mkono juu ya kifua. Hakuwahi kumsikia mwanawe akizungumza na watu. Alimjua wa "chumvi imezidi" na "funguo zangu ziko wapi".

Kisha watu wakaambiwa wajaribu kukiona kwa macho matupu, kama alivyokiona yeye As-Sufi.

"Mie sioni kitu," Bi Wadha akamnong'oneza Bi Mahfudha kwa Kiswahili. "Naona nyota, na kiuno kinaniuma."

Sauti ikamjibu pale pale karibu, kwa Kiswahili.

"Nyoosha miguu, khalti, kiuno kipumzike. Zitafute nyota nne kubwa, zimekaa kama pembe za mkeka. Umezipata? Sasa ishike ile pembe ya kaskazini, ufuate nyota moja, ya pili. Kwenye ya pili panda juu kidogo, kidogo tena. Hapo. Usikikodolee macho. Tazama pembeni yake, kama mtu anayemchungulia mgeni asijue. Ndipo kinatokea."

Bi Wadha akanyoosha miguu, akapeleka jicho pembeni.

"Subhanallah," akasema baadaye. "Kile kama pamba?"

"Ndicho hicho."

"Ngoja. Wewe unasema Kiswahili. Kumbe mwenzetu. Wa nani wewe, mwanangu? Wa Unguja au wa bara?"

Unatujua sisi. Waswahili wawili wakisikiana Maskati hawaachani mpaka wamfikie babu. Bi Mahfudha alikuwa amefikiria sura, nguo, gari ya Kawthar kuegeshwa mbali. Kiswahili hakukifikiria.

"Wa bara, khalti."

"Bara wapi?"

"Kwa mamangu ni Tabora."

"Tabora. Mahfudha, mwenzio huyu. Huwajui kwao?"

"Tabora kubwa," akasema Bi Mahfudha.

"Kubwa wapi, watu wenyewe si wale wale. Mwanangu, mamako yuko hapa? Nimpe mkono wa hongera."

Kawthar alikuwa amesimama miguuni mwa mkeka. Bi Mahfudha aliviona viatu vyake katika mwanga mwekundu, viatu alivyomnunulia yeye mwenyewe Idi iliyopita. Havikusogea.

"Mama yangu hatoki, khalti."

"Masikini. Mgonjwa?"

"Alhamdulillahi ni mzima. Hatoki tu."

Wanawake wa mkeka wa pili wakacheka. Mmoja akasema, "Mama kafungiwa, binti anazurura na nyota. Dunia imegeuka." Mwenzake akasema, "Mie ningempata mama wa hivyo ningepumzika kupigiwa simu."

Bi Wadha hakucheka. "Kajikosesha mwenyewe. Mtoto wangu angesimama mbele ya skuli nzima akazungumza hivi, ningekaa pale mbele kabisa na ningewachosha watu kuwaambia nimemzaa mie. Au vipi, Mahfudha?"

"Ndivyo," akasema Bi Mahfudha.

"Hebu nikuone sura yako, binti." Bi Wadha akapapasa simu kwenye mkoba awashe taa.

"Usiwashe, khalti, tafadhali. Ukiwasha, hawa wote hawataona tena mpaka macho yazoee upya. Watoto bado hawajafika kwenye darubini."

Kwa hivyo giza lilimsitiri Bi Mahfudha, na aliyelilinda giza lile ni mwanawe.

Wakapanga foleni. Zamu ya Bi Mahfudha ilipofika, pale palikuwa na kingazi kifupi cha kupanda. Kawthar hakumshika mkono kama alivyowashika wengine. Alimshika upindo wa abaya.

"Karibu, khalti. Jicho moja. Usiguse mrija, unatikisika. Unaona?"

Aliona. Kilikuwa kama mvuke uliobaki kwenye kioo, katikati pameng'aa kidogo, pembeni panayeyuka. Hakikuzunguka, hakikuwa na rangi. Bi Mahfudha alitaka kumuuliza mbona hakijajikunja kama ulivyonionesha jikoni, na kama angeuliza hivyo ingekuwa kila kitu kimesemwa. Nyuma yake Bi Wadha alikuwa anapumua.

"Naona," akasema. "Shukran, ustadha."

"Ahlan, khalti. Anayefuata."

Njiani kurudi Bi Wadha hakuwa na jingine. Angempata wapi msichana yule, angemuuliza mwalimu mkuu, kwao ni akina nani. Kisha akajikumbuka, akampiga Bi Mahfudha gotini. "Usikasirike, wangu nimeshamchagua. Ni uchu wa macho tu." Bi Mahfudha akatazama milima dirishani. Pale alikuwa na nafasi. Gari ilikuwa na watu watatu, mmoja kalala, na neno lenyewe lilikuwa fupi: ni mwanangu. Aliliweka mdomoni tangu Yiti mpaka Sib. Walipofika akashuka, akasema ahsante kwa lifti.

Kawthar alirudi baadaye. Mamake alikuwa sebuleni anamngoja. Kawthar akasema, "Kila kitu kimekwenda kama ulivyotaka," akaingia chumbani na mizigo yake.

Jumatatu ndiyo waliyokuja, Bi Wadha na dadake Bi Shaikha, alasiri, na boksi la halwa. Kabla hawajafika Bi Mahfudha alimfuata Kawthar chumbani.

"Ukileta kahawa, zungumza kidogo. Sauti ya chini. Binti anayeposwa husifiwa kwa haya."

"Sitazungumza nisipoulizwa. Nikiulizwa nitajibu. Uongo sitausema, mama. Ule wa Yiti umenitosha."

Akaja na sinia, amevaa vizuri, macho chini. Bi Wadha alimtazama kutoka juu mpaka chini akaridhika. Akapokea kikombe.

"Ahsante, mwanangu. Umesomesha leo?"

"Ndiyo, khalti."

Kikombe hakikufika mdomoni. Bi Wadha alikirudisha juu ya kisahani taratibu.

"Sema tena."

"Ndiyo, khalti."

"Shaikha," Bi Wadha akamwambia dadake bila kumwangalia, "huyu ndiye niliyekupigia simu habari zake." Kisha akamgeukia Bi Mahfudha. Hakuonekana kukasirika, na ingekuwa nafuu angekasirika. "Tulilala mkeka mmoja, Mahfudha. Nilikuuliza huwajui kwao. Ukanambia Tabora kubwa."

Bi Mahfudha akasogeza boksi la halwa. "Niliogopa utasema anatoka."

"Mamake Rawya anaongoza ndege pale uwanjani, zamu ya usiku. Wanaume wanasubiri kauli yake ndiyo watue. Nani kakwambia mie natafuta wa kufungiwa? Nilikuuliza akitoka kazini anafanya nini, nijue watazungumza nini na Mutasim, ambaye hana mazungumzo ila nondo na saruji."

Bi Shaikha alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa kicheko.

"Na wewe," Bi Wadha akamuuliza Kawthar, "ulijua ni mamako yupo pale?"

"Nilijua, khalti."

"Ukamkaribisha kama mgeni."

"Ndivyo alivyotaka."

Alilisema kama mtu anayekutajia saa. Bi Mahfudha anasema hapo ndipo alipotamani wageni wampigie kelele, wamtukane, wavunje kikombe, ili pawepo na kitu kingine cha kusikiliza. Hawakufanya hivyo. Walikula halwa waliyoileta wenyewe, walizungumza habari ya joto ambalo halijesha, wakaaga. Mlangoni Bi Wadha alimshika Kawthar mashavu akambusu.

Baada ya siku chache Bi Shaikha akapiga simu, akasema hakuna nasibu, yaani posa imekwisha. Ukiambiwa hakuna nasibu huulizi. Bi Mahfudha akauliza.

"Binti hana kosa," Bi Shaikha akasema. "Dada kampenda mpaka leo. Lakini anasema akioana na nyumba yenu mtakuwa mnaingia na kutoka kwake, na yeye keshaanza kuzeeka, magoti haya, masikio haya. Anasema anaogopa siku atakayokuwa wa kuonewa haya mbele za watu. Mtu aliyemkana mwanawe wa kujivunia, mkwe atamfanyaje?"

Bi Mahfudha alikaa na maneno yale. Na ilipofika siku ambayo Bi Wadha hukusanya wanawake kwa kahawa, alimwambia Bwana Sleiman ampeleke Azaiba. Bwana Sleiman akauliza kufanya nini. Akasema, "Kusema."

Sebule ya Bi Wadha ilikuwa imejaa, na wengine ni wale wale wa Yiti. Bi Mahfudha hakukaa. Alisimama pale kwenye zulia na mkoba wake mkononi, mwanamke ambaye maisha yake yote hajapata kuzungumza mbele ya watu zaidi ya watatu, akasema:

"Yule ustadha aliyewaonesha nyota ni mwanangu. Anaitwa Kawthar. Nimemzaa mimi, na nilikuwepo, na nilinyamaza."

Mmoja akamsogezea sahani ya tende. Mwanamke aliyecheka kule Yiti akatazama kucha zake. Bi Wadha akamwita akae karibu yake, akammiminia kahawa mwenyewe, na wakati wa kuondoka akamsindikiza mpaka garini. "Umefanya jambo gumu," akamwambia. "La Mutasim limekwisha, usinielewe vibaya. Lakini hili umelifanya."

Njia nzima Bi Mahfudha alijisikia mwepesi. Nami nnaposimulia hapa ndipo nnapotaka unisikilize vizuri, kwa sababu alipanda ngazi za nyumba yake karibu akikimbia, akijua amekwisha kulipa.

Kawthar alikuwa kwenye meza ya kulia, akisahihisha mitihani. Mamake akamhadithia yote, alivyosimama, alivyosema, zile tende.

"Mbele ya wote?" Kawthar akauliza.

"Wote. Hata yule aliyecheka."

"Na wao wakasemaje?"

"Wakanipa tende."

Kawthar akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. Akafunika kalamu yake.

"Bi Wadha umemwambia. Wanawake wa Azaiba umewaambia. Baba umemwambia garini, bila shaka. Mimi sasa hivi unanihadithia ulivyowaambia wao."

"Nakwambia na wewe."

"Ungeanzia kwangu, mama."

Bi Mahfudha alisimama pale. Neno lenyewe, nisamehe, analijua, analisema kila siku katika sala, amemwambia mumewe, amewaambia majirani, amemwambia hata mtu aliyemkanyaga mguu sokoni. Mtoto aliyemzaa hajapata kumwambia, wala hakumbuki kuambiwa na mamake. Kwa Azaiba nzima alipata sauti, kwa mtu mmoja aliyekaa mezani kwake ikakatika.

Wewe ambaye binti yako bado anakualika, nenda. Ukiulizwa anafanya nini, sema anachokifanya, na posa itakayokimbia kwa hilo iache ikimbie. Na ukikosea, usipeleke samahani yako kwa watu kwanza. Watakupa tende, utarudi nyumbani umeridhika, na deni liko pale pale.

Kawthar alingoja. Alimpa mamake muda mrefu wa kutosha, kalamu mkononi, macho juu.

"Umekula?" akauliza Bi Mahfudha.

"Nimekula," akasema Kawthar, akavuta karatasi iliyofuata.